Siku ya Tisa: Kukutana na Kabila

Karatasi ya safari ndivyo inavyosema, kwa herufi nene.
Ninaisoma nimekaa mbele, kando ya Chilemba,
naye anauliza, macho barabarani: "Kabila lipi hilo?"
"Mama Mkubwa Somoe."
Anacheka mpaka gari linayumba, linalamba mchanga.

Wageni ni watano. Wametoka kaskazini,
wamevuka jangwa la majivu chini ya mlima unaotema moto;
soli za viatu vyao zimetafunwa na mawe meusi,
na ndani ya simu zao wamebeba watu
ambao mimi nimewaona kwenye kalenda tu.
Tangu Nanyamba wananusa, wanatazamana.
Mwishowe Agneta, mwenye kofia ya ukindu, ananigusa bega:
huku nako kuna volkano?
Hewa inanuka kiberiti.

Namwonyesha mikorosho.
Vijana wamejifunga vitambaa puani,
mashine zinanguruma migongoni,
vumbi la njano linapanda, linasita,
linatua juu ya majani, juu ya mbuzi,
juu ya sare za shule kwenye kamba.
Salfa, nasema. Ndiyo Julai hii.
Mlima wetu wa moto tunaubeba mgongoni, kwa mkopo,
nao hulipuka mnadani, bei ikishatajwa.
Nami niliubeba misimu sita.
Nikikohoa, leso hukumbuka.

Newala, upepo.
Mama Mkubwa amejitanda kanga ambayo bado ina gundi ya dukani.
Chale zake zimepanda kutoka shavuni hadi kipajini,
pembe juu ya pembe, kama paa linalojengwa bado.
Wageni wanazipita. Wanatafuta mdomo.
"Ndonya iko wapi?"

Anagusa tundu, limesinyaa, limebaki kovu lenye kivuli.
"Niliitoa siku ya kitambulisho.
Kijana wa kamera alisema mashine haitanijua.
Nikaifunga kwenye pindo la kanga, njiani ikaanguka.
Leo mnaitaka ninyi? Itafuteni.
Ni kati ya hapa na ofisi ya kata."

Kazi yangu ni kupunguza.
Miaka yote nimekata maneno ya watu ubavuni,
nikayapanga mafupi, matamu, yenye ngoma kwa mbali.
Leo nimefasiri yote,
hata mguno.

Kisha akamgeukia mwenye kofia:
"Mwulize, ukoo wa mama yake ni upi?"
Agneta akataja jina.
"Hilo ni la mume wa mama. Sikumwuliza huyo."
Akataja jingine; nalo likawa la babu.
Akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma, nyuma,
kila mlango akimkuta mwanamume amesimama,
hadi akamfikia bibi mmoja wa huko kwenye theluji
aliyebakiwa na jina moja, Brita,
na habari moja: alikuwa akiteka maji mbali.

"Mbali kiasi gani?"
Sikuwa na haja ya kufasiri. Mikono ilikwishaonyesha.
Mama Mkubwa akatazama kule ukingo unakokatika,
bonde lote lile alilolishuka na kulipanda,
kibuyu kichwani, kabla ya bomba,
akasema, "Ming'oko inapoa. Kuleni.
Sahani elfu mbili."
Nikanyoosha mkono.
"Na wewe pia. Leo umekuja na gari."

Usiku Chilemba aliosha vioo, maji yakatiririka ya njano.
Nikaisoma tena karatasi.
Siku ya kumi: mapumziko, kurudi pwani.
Nilitafuta nilipoandikwa mimi.
Chini kabisa, pamoja na mafuta na chakula cha mchana:
mwenyeji, mmoja.

Asubuhi, tulipoikaribia ofisi ya kata,
gari likapunguza mwendo; sikumwambia mtu.
Chilemba alishusha kioo.
Agneta alikwishatoa kichwa nje,
kofia ameishika mkononi,
anatazama chini, mchangani.